Benki ikikunyima akaunti, ikwambie sababu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu benki. Nitalisema kirefu kidogo, ukiona inazidi kata huko mwisho, ila katikati naomba uniachie.

Karibu kila mtu anamjua mtu aliyekataliwa akaunti ya hundi, hii wengi tunayoiita karenti. Kapeleka fomu, kapeleka picha na nakala ya kitambulisho, kaambiwa nenda utapigiwa, hajapigiwa, karudi mwenyewe kaunta akakutana na maneno matatu tu, "ombi lako halijafanikiwa". Akiuliza kwanini anaambiwa ni utaratibu wa benki, akiuliza utaratibu upi anaambiwa ni wa ndani. Basi anatoka pale anajijibu mwenyewe njia nzima, wameona sina hela, wameona jina langu, dini yangu, kabila langu, viatu nilivyovaa. Mimi nimekaa upande wa pili wa lile dawati kwa miaka kadhaa, kwenye benki ambayo sitaitaja, nikipokea hizo fomu na kutoa hayo majibu, kwa hiyo najua karatasi zinaenda wapi zikishatoka mezani. Na ninachotaka kusema ni hiki: sababu huwa ipo, mara nyingi inaelezeka kwa dakika mbili, na benki inayonyamaza mara nyingi haijafungwa mdomo na sheria yoyote, imenyamaza kwa sababu kunyamaza hakuigharimu kitu.

Kwanza watu wajue karenti yenyewe ni nini manake hapo ndo tunapopishana na benki. Akaunti ya akiba we unaweka hela, benki inakutunzia, hatari yote karibu iko kwako. Karenti inakuja na kitabu cha hundi, inakuja na malipo yanayokatwa yenyewe kila mwezi, mara nyingi inakuja na ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo, au angalau uwezekano wa akaunti kwenda chini ya sifuri. Mtu ukimpa kitabu cha hundi umempa karatasi zenye jina la benki ambazo anaweza kuandika kiasi chochote hata kama ndani hamna kitu, na anayepokea ile hundi huwa ameamini jina la benki kabla hajamwamini aliyesaini. Ovadrafti nayo ni mkopo hata kama hukuuomba kwa jina hilo. Kwa hiyo we umekuja na wazo la kupokelea mshahara tu, mwenzako wa upande wa pili anajiuliza huyu tukimkopesha atalipa? Ndo maana aliye chini ya miaka 18 anaelekezwa akaunti za watoto, kisheria deni lake ni gumu kulidai, na ndo maana aliyetangazwa na mahakama kuwa amefilisika anapata shida hata akiwa na mfuko umejaa. Ndo maana pia benki nyingi zilizorithi mambo ya Waingereza zilikuwa zinataka mtu wa kukutambulisha, tena awe mwenye karenti tayari, na zipo zinazodai hivyo mpaka leo, yaani aliye ndani ndo anamwingiza mwingine na asiye na ndugu wala rafiki aliye ndani anabaki mlangoni. Huo utaratibu mimi sijawahi kuupenda, unampima mwombaji kwa watu anaofahamiana nao.

Sasa karatasi. Nikisema wengi kabisa niliowaona wakirudishwa walirudishwa kwa sababu ya karatasi, niamini. Benki inataka kujua vitu vitatu, we ni nani, unakaa wapi, na hela zitakuwa zinatoka wapi. Kwenye kile cha kwanza, kitambulisho kimeisha muda, au majina yapo matatu kwenye kimoja na mawili kwenye kingine, au mwanamke anatumia jina la mume kwenye cheti cha ndoa na la baba kwenye pasipoti. Kwenye cha pili ndo balaa, wanataka bili ya umeme au maji yenye jina lako, na aliyepanga chumba bili ni ya mwenye nyumba, anayekaa kwa wazazi bili ni ya baba, aliyehama juzi bili inamfuata kule alikotoka, na mkataba wa pango mwenye nyumba hataki kuandika kwa sababu anazozijua yeye na watu wa kodi. Huyu mtu hana kosa lolote, ana mahali pa kulala na kila mtu mtaani anamjua, ila hana karatasi ya kuonyesha. Cha tatu kinawaumiza waliojiajiri, mwenye mshahara analeta barua ya mwajiri anamaliza, fundi au mfanyabiashara mdogo anaambiwa alete taarifa ya benki ya miezi sita ilhali ndo kwanza anatafuta benki!

Haya yote yanatatulika, na hapo ndo hasira yangu inapoanzia. Ofisa akimwambia mtu "bili yako ina jina la mwenye nyumba, lete barua ya serikali ya mtaa au ya mwajiri inayotaja unapokaa" kazi imekwisha, mtu anarudi kesho na karatasi. Badala yake anaambiwa "hujakidhi vigezo". Vigezo vipi? Na sa hivi kwa kuwa fomu nyingi zinajazwa kwenye simu mambo yamekuwa mabaya zaidi, picha ya kitambulisho imetoka na ukungu, au sura uliyojipiga mwenyewe mashine imeona haifanani na ya kwenye kitambulisho kilichopigwa miaka tisa iliyopita ukiwa na nywele, mfumo unakata pale pale na hakuna binadamu hata mmoja aliyekaa akaliangalia ombi lako. Mtu anakaa anafikiri kikao cha wakubwa kimemjadili, kumbe hata keshia wa kaunta hajui kama jina lake lilipita pale.

Alafu kuna historia. Nchi nyingi sasa zina taasisi za taarifa za mikopo na benki inachungulia humo kabla haijakujibu. Majina makubwa duniani ni Experian, Equifax na TransUnion. Mkopo wa simu ulioupuuzia kwa kuwa ulikuwa mdogo, upo humo. Marekani wana nyingine kabisa, ChexSystems, yenyewe haihangaiki sana na mikopo, inatunza kumbukumbu za watu ambao akaunti zao zilifungwa na deni likabaki, na kumbukumbu hiyo inaweza kukaa mpaka miaka 5. Uingereza kuna Cifas, hawa wanatunza alama za udanganyifu, benki moja ikikuwekea alama nyingine zinaiona, na inaweza kukaa mpaka miaka 6.

Hapa kwenye udanganyifu niongee na vijana. Kuna mtu atakuja, mara nyingi mnafahamiana, atakwambia kuna hela yangu inaingia, akaunti yangu ina shida, naomba ipitie kwako alafu utoe unipe, na wewe bakiza kidogo ya soda. Ile hela mara nyingi ni ya mtu aliyetapeliwa. Aliyetapeliwa akilalamika, njia inayofuatwa inaishia kwenye jina lako, yule rafiki hayupo popote kwenye karatasi. Akaunti inafungwa, jina linawekewa alama, na miaka mitatu baadaye umepata kazi unataka karenti ya mshahara kila benki inakwambia ombi halijafanikiwa na hakuna anayekwambia ni kwa ajili ya ile siku. Wengine nawajua walikuwa na miaka 19. Sisemi wasiwajibishwe, nasema mtu aliyewekewa alama ya miaka sita anapaswa kujua kuwa anayo, hata mfungwa anajua kifungo chake kinaisha lini.

Na kuna wanaobeba ya wenzao. Namba ya kitambulisho imeandikwa vibaya deni la mtu mwingine likaangukia kwako, au kitambulisho kilipotea mtu akakopea. Huyu ndo anayeumia kuliko wote kwa ile kimya ya benki, kwa sababu angeambiwa tu "kuna deni kwenye taarifa yako" angeenda kwenye ile taasisi kupinga, lakini hajaambiwa, kwa hiyo anahama benki ya kwanza anaenda ya pili, ya pili anaenda ya tatu, na kwa baadhi ya nchi kila anapoomba ule uchunguzi unaacha alama, benki ya nne ikifungua inaona huyu kaomba sehemu tatu ndani ya mwezi, lazima ana shida. Amezidi kujiharibia wakati anajaribu kujitengenezea.

Sasa nifike kwenye lile linalowaogopesha wote, utakatishaji fedha, yaani kusafisha hela za uhalifu zionekane halali. Mwaka 1989 mataifa tajiri ya G7 walikutana Paris wakaanzisha chombo kinaitwa FATF, kikatoa mapendekezo ambayo leo yako 40 na karibu kila nchi imeyaingiza kwenye sheria zake. La 10 ndo linaloibana benki imjue mteja kabla ya kumfungulia na isipoweza kumjua isifungue kabisa. Kwa hiyo afisa anaposema "ni sheria" hadanganyi, ila anasema nusu. Ile sheria inataka benki ipime hatari ya mtu mmoja mmoja, FATF wenyewe mwaka 2014 walitoa tamko kwamba kuwakata wateja kwa makundi makundi sio wanachokitaka.

Kwenye kupima huko kuna kitu cha majina ambacho kwa watu wetu ni mzigo. Kila ombi jina lako linapitishwa kwenye orodha za vikwazo, zipo za Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, mojawapo ile iliyoanza na azimio namba 1267 la mwaka 1999, ipo ya Marekani ya OFAC, ofisi yao ya vikwazo, zipo za Ulaya na Uingereza. Mashine haitafuti jina lile lile herufi kwa herufi, inatafuta yanayokaribiana, kwa sababu jina la Kiarabu likiandikwa kwa herufi za Kizungu linakuja kwa sura kumi, Mohamed, Muhammad, Mohammed, Mahamed, zote mashine inaziona ni mtu mmoja. Kutofautisha watu wenye jina moja benki inaangalia tarehe ya kuzaliwa, na hapo napo tuna shida yetu, wako watu wengi ambao kuzaliwa kwao hakukuandikwa popote, wakimbizi hasa, na karani aliyewaandikisha akaweka tarehe 1 Januari. Sasa una jina la kawaida kabisa ambalo lipo kila mtaa, tarehe yako ni ile ile ya maelfu ya wenzako, na kwenye orodha kuna mtu mwenye jina linalokaribia. Mashine inapiga kengele. Kinachotakiwa ni afisa wa komplayansi, yule anayehakikisha benki inafuata sheria, akae asome, huyu wa kwenye orodha ana miaka 62 na alizaliwa bara lingine, huyu mwombaji ni mwalimu ana miaka 30, sio yeye, funga faili, endelea. Ni kazi ya robo saa. Lakini ana kengele mia nyingine mezani na karenti ya mwalimu haileti faida ya maana, basi faili linakaa, linakaa, muda unaisha na mfumo unaandika limekataliwa.

Na tusimlaumu sana yule afisa peke yake, hebu angalia anachokiona yeye. Desemba 2012 benki ya HSBC walikubali kulipa dola bilioni 1.9 huko Marekani, kosa mojawapo likiwa ni kuachia hela za magenge ya dawa za kulevya ya Mexico zipite kwao. Mwaka 2024 TD Bank walikiri makosa ya aina hiyo hiyo, adhabu ikawa kama dola bilioni 3. Sijawahi kusikia benki iliyopigwa faini ya namna hiyo kwa kumnyima mwalimu akaunti. Hesabu inakuwa nyepesi sana, ukimkubali mtu akaja kuwa na matatizo kazi yako iko hatarini, ukimkataa mtu safi hakuna atakayejua, hata yeye mwenyewe hatajua. Kwa hiyo kila penye shaka jibu ni hapana.

Hivyo ndivyo makundi mazima yanavyoachwa nje. Mwenye duka la kubadilisha fedha, muuza madini, mwenye biashara ya kubeti, anayeshughulika na sarafu za mtandaoni, asasi ndogo inayopokea michango kutoka nje, mtu aliyewahi kushika cheo serikalini pamoja na mkewe na watoto wake, wote hawa wanaingia kwenye boksi la hatari kubwa kabla hata hawajafungua mdomo. Mwaka 2013 Barclays ya Uingereza iliwaambia makampuni mengi ya kutuma pesa kwamba inafunga akaunti zao, Dahabshiil ya Wasomali ikiwemo, ikabidi waende Mahakama Kuu ya London na Novemba ile mahakama ikaizuia benki kwa muda. Nyuma ya ile akaunti moja kulikuwa na familia kibao zinazosubiri hela ya chakula na ada kutoka kwa ndugu zao. Hata Wamarekani wenyewe wameonja, baada ya sheria yao ya FATCA ya mwaka 2010 inayotaka benki za nje ziripoti akaunti za raia wao, benki kadhaa za Ulaya ziliona bora zisiwe na mteja Mmarekani kabisa. Kwa hiyo yule anayedhani amekataliwa kwa rangi yake saa nyingine yuko sawa na saa nyingine amekataliwa kwa sababu karatasi zake zinaongeza kazi, na hana namna ya kujua ni lipi, ndo shida yenyewe hiyo.

Sasa hii kimya. Benki wana jibu lao tayari, watakwambia haturuhusiwi kusema, ni kosa la jinai kumtonya mteja. Kweli katazo lipo, ni pendekezo la 21 la FATF na sheria za nchi nyingi zinalo. Lakini hebu lisomwe. Linakataza kumwambia mtu kuwa benki imepeleka au inapeleka taarifa ya kumshuku kwa mamlaka, au yanayohusiana na taarifa hiyo, basi. Haliongelei bili ya umeme wala kitambulisho kilichoisha muda wala deni la mkopo wa simu. Kati ya watu wote wanaokataliwa, wanaoshukiwa uhalifu ni wachache, na kwa ajili ya hao wachache benki inawavalisha wote koti moja la usiri. Mimi nimeliona hili likifanyika kwa macho, afisa hajui sababu yenyewe kwa sababu mfumo umemwandikia msimbo tu, yaani code, akamwambia mteja "ni siri", mteja akaondoka akiamini kuna jambo kubwa. Hakukuwa na jambo.

Kwamba inawezekana kusema, wenzetu wameshaonyesha. Umoja wa Ulaya walitunga mwongozo namba 92 wa mwaka 2014 ambao unampa mtu anayeishi kihalali huko haki ya akaunti ya msingi, benki ina siku 10 za kazi kufungua au kukataa, na ikikataa lazima itoe sababu yenyewe kwa maandishi bila kumtoza hela, isipokuwa tu kama kuitaja kutagusa usalama wa taifa, maslahi ya umma au hizo sheria za utakatishaji. Yaani ule mlango mdogo wa usiri umebaki, ila ni mdogo kweli. Ufaransa walianza zamani zaidi, tangu sheria yao ya benki ya 1984, ukikataliwa unachukua ile barua ya kukataliwa unaenda nayo Benki Kuu yao na wanachagua benki moja na kuipa wajibu wa kukufungulia. Sasa fikiria benki inayokataa kukupa barua kwa mfumo kama huo, inakuwa imekunyima mara mbili.

Tena sio kila mtu anahitaji karenti kamili. Uingereza mabenki makubwa yanalazimika kutoa akaunti ya msingi isiyo na ovadrafti wala hundi, hata kwa mwenye historia mbaya ya mikopo, kwa sababu pasipo na mkopo kuna haja gani ya kumpima mtu kama mkopaji? India walipoanzisha mpango wao wa Jan Dhan Agosti 2014 waliruhusu akaunti ndogo kwa mtu asiye na nyaraka kamili, salio lisizidi rupia 50,000 na kutoa kusizidi rupia 10,000 kwa mwezi, atakapoleta kitambulisho mipaka inaondolewa, na kufikia 2023 mpango mzima ulishapita akaunti milioni 500. Mipaka inafanya kazi ya ulinzi, mtakatishaji hana la kufanya na akaunti yenye kikomo kidogo hivyo. Nasema haya kwa sababu Benki ya Dunia ilipohesabu mwaka 2021 watu wazima bilioni 1.4 hawakuwa na akaunti ya aina yoyote, na kukosa nyaraka ni moja ya sababu walizozitaja wenyewe.

Kwa aliyekataliwa leo na hawezi kusubiri sheria zibadilike, nina ushauri wa mtu aliyekaa pale. Usiondoke na jibu la mdomo, omba barua, na kama hawaandiki waandikie wewe, waombe wakujibu kama ni suala la nyaraka, la taarifa za mikopo au la aina ya akaunti, ukiligawanya swali hivyo afisa anapata ujasiri wa kujibu japo nusu. Usikimbilie benki ya pili kesho yake, kwanza omba taarifa yako kwenye taasisi ya mikopo, nchi nyingi wanakupa walau moja kwa mwaka bure, isome, penye kosa pinga kwa maandishi. Uliza kama wana akaunti isiyo na hundi, mara nyingi ipo ila haitangazwi kwa kuwa hailipi. Usidanganye kipato, heri kidogo chenye ushahidi kuliko kikubwa cha mdomo, na uongo ukigundulika ndo unakuwa udanganyifu kweli na alama inawekwa. Wala usitumie akaunti ya shemeji kwa biashara yako, siku mkigombana hela ni ya shemeji.

Na kuna haki ambayo watu wengi hawaitumii, ya kudai taarifa zako binafsi. Kenya na Uganda wana sheria hiyo tangu 2019, Tanzania tangu 2022, Ulaya yao ilianza kutumika Mei 2018 na ina kipengele kabisa kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Kama unadhani haifanyi kazi mkumbuke yule mwanasiasa wa Uingereza Nigel Farage, mwaka 2023 benki ya Coutts ilipomfungia akaunti alidai taarifa zake akapewa faili la kurasa 40, ndani kumbe kuna maoni kuhusu siasa zake, na kabla mwezi wa saba haujaisha mkuu wa NatWest inayoimiliki Coutts alikuwa ameachia ngazi. Simpendi wala simchukii huyo bwana, ila ninajiuliza mtu asiye na jina kubwa angepata wapi kurasa 40. Na bado barua ya kuomba ni ile ile, haina ada ya uwakili, unaandika jina lako, namba ya ombi, na unadai nakala ya kila kilichoandikwa kukuhusu pamoja na alama ulizopewa.

Ninachowaomba wasimamizi wa mabenki ni vitu viwili tu. Kila anayekataliwa apewe barua yenye sababu, hata kama ni mstari mmoja, isipokuwa pale sheria ya kutonya inapogusa kweli na afisa mwenye jina lake asaini kuwa inagusa. Na kila benki kila mwaka itangaze imekataa maombi mangapi na kwa sababu zipi, kama inavyotangaza faida. Benki yenye maombi mengi yaliyokufa kwa "muda umeisha" tutaijua.

Nategemea kuna mkurugenzi wa benki anasoma gazeti hili. Kama anaona nimeisoma sheria vibaya na kwamba kumwambia mtu bili yake ina jina la mwenye nyumba ni kosa la jinai, amwandikie mhariri hapa hapa na ataje kifungu.

Wako msomaji,
Jina na anwani unavyo, naomba visichapishwe.